Safari Mbili Katika Chombo Kimoja

Mwaka 1856, Seyyid Said bin Sultan alipokuwa akijiandaa kuondoka Maskati kurejea Unguja, aliamuru zipakiwe mbao katika manowari yake ya Victoria. Na binti yake Salme, ambaye Wazungu walikuja kumjua kwa jina la Emily Ruete, anasimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwamba mbao hizo zilikuwa za jeneza, maana mzee hakuridhia mtu atakayefia njiani atoswe baharini kama ilivyokuwa ada ya mabaharia. Tarehe 19 Oktoba, chombo kikiwa karibu na visiwa vya Shelisheli, aliyehitaji jeneza akawa ni yeye mwenyewe. Mwanawe Barghash, aliyekuwa pamoja naye safarini, aliitimiza haja ya babake barabara: maiti haikutoswa, ililetwa Unguja, ikazikwa katika ardhi ya kisiwa ambacho marehemu alikifanya makao ya enzi yake. Lakini aliishusha usiku, akaizika kwa siri, na kabla ndugu yake Majid hajapata habari kwamba wamekuwa mayatima, alikwisha kujaribu kukitwaa kiti.

Wanahistoria huitazama habari hiyo kwa jicho la siasa, na wana haki yao, kwa kuwa yaliyofuata yaliigusa pwani yote, Mafia yetu ikiwamo. Mimi, tangu niliposafiri na mama yangu mgonjwa kwenda India, siwezi tena kuitazama isipokuwa kwa jicho la mwandani wa mgonjwa, na kwa jicho hilo naona jambo ambalo halikuhitaji usultani ili litokee: kwamba katika chombo kimoja mlikuwa na safari mbili, ya mzee aliyekuwa akirudi kwake na ya kijana aliyekuwa akiendea lake, na kwamba safari hizo hazikupingana hata kidogo mpaka pale zilipofika nchi kavu. Barghash hakuwa mwongo alipomlilia babake. Alimlilia, na huku akihesabu. Nani kati yetu tuliopata kumshika mzazi mkono tukapanda naye ndege awezaye kuapa kwamba hakuwa na hesabu yake pembeni?

Kwa mtu wa Mafia safari ya ugonjwa huanza mapema kuliko kwa mtu wa bara, maana sisi tukivuka tu tumekwisha kuwa ughaibuni. Mgonjwa akishindikana katika hospitali ya wilaya pale Kilindoni, na akiwa hana nauli ya kile kindege kinachomvusha mtu juu ya delta ya Rufiji kwa muda wa nusu saa, basi ni kushuka gatini kungoja chombo cha Nyamisati. Siku hizi kuna kivuko, MV Kilindoni, nacho ni rehema kubwa kwa waliozijua zile boti za mbao ambamo mgonjwa alilazwa kati ya magunia ya nazi na matenga ya samaki; lakini kivuko nacho kina bwana wake, naye ni maji, kwa kuwa mlango wa Nyamisati ni wa mikoko na matope, na saa ya kuondoka haipangwi na maumivu ya mtu bali na kupwa na kujaa. Ukishafika Nyamisati kuna barabara, na ukishaimaliza barabara kuna Mbagala na foleni zake, na ukishaimaliza Mbagala ndipo unapoanza kuulizwa jina la mgonjwa na umri wake. Mzee mmoja wa kijijini kwetu Kirongwe aliyerejea kutoka hospitali ya Muhimbili aliwahi kuulizwa msikitini, huko bara hospitali zao zikoje; akasema hospitali ni nzuri, ila mtu hufika kwao amekwisha kupona au amekwisha kufa.

Nataja jambo jingine la kisiwa chetu, wala sitalirefusha. Mwaka 1890 tulitolewa mikononi mwa Sultani wa Unguja tukatiwa mikononi mwa Mjerumani, pamoja na pwani ya bara, kwa marki milioni nne. Na mwaka 1915 Mwingereza akaja kututwaa, si kwa haja yetu, bali kwa kuwa manowari ya Königsberg ilikuwa imejificha katika vijito vya Rufiji naye alitaka mahali pa karibu pa kuiandamia. Hakuna mara hata moja tulipoulizwa. Huenda ndiyo sababu wazee wa Mafia wana namna yao ya kukubali mambo, ya kusema haya, basi, ambayo mgeni huidhania kuwa ni ridhaa.

Mama alikuwa na namna hiyo. Alipoanza kulalamika ubavu wa kulia tulidhani ni baridi. Alipokataa wali, yeye aliyekuwa hali kingine, tukampeleka Kilindoni. Na kutoka Kilindoni tukafuata njia niliyokwisha kuieleza hata Dar es Salaam, ambako picha zilionyesha uvimbe katika ini. Madaktari wa Dar es Salaam walikuwa waungwana na wasema kweli. Ni haki nieleze kwamba siku hizi mengi ambayo zamani yalipelekwa nje hutibiwa hapa hapa: tangu ilipofunguliwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mwaka 2015, wagonjwa wengi wa moyo ambao serikali ingewapandisha ndege wamepasuliwa Upanga na kurudi kwao kwa daladala, na mwaka 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza. Tulielezwa lipi linawezekana hapa, na lipi huenda likawezekana pengine; na neno huenda, likitamkwa na daktari mbele ya watoto wa mgonjwa, lina nguvu kuliko maneno yote yaliyolitangulia.

Tukafanya kikao. Kaka yangu, mfanyabiashara wa dagaa na samaki wakavu hapo Kilindoni, alisema shamba la minazi la mama liuzwe, dada akalia, mimi nikaleta habari za India nilizozikusanya kwa watu. Tulisema mengi ya mapenzi, nayo yalikuwa ya kweli, lakini chini ya hayo mlikuwa na neno moja ambalo kila mmoja alilijua na hakuna aliyelitamka isipokuwa dada, tena kwa kulipitia kando: kwamba watu watasemaje, wana watatu wazima, wenye kazi zao, wamemwacha mama yao afie Kirongwe kama asiye na mtu. Mama alikuwa chumba cha pili, na kuta za nyumba zetu zinajulikana. Tulipoingia kumpa uamuzi alikuwa amekwisha kuwa nao, akasema, "Minazi yangu msiiuze. Mengine, mkitaka twende, twende."

Mkitaka. Sheikh wetu, ambaye kaka alimwendea akitarajia kupata nguvu, alimwambia kwamba kwa wanazuoni wa Kishafii kujitibu ni sunna, jambo lenye thawabu na lililohimizwa, wala si faradhi ambayo mgonjwa akiiacha anapata dhambi. Kwa hiyo aulizwe mwenyewe, na asipotaka asilazimishwe. Kaka akarudi akasema sheikh ameruhusu. Akauza mashua yake na mashine yake, mimi nikakopa kazini, minazi ikabaki.

Katika matayarisho yote, na ni mengi, kwa kuwa mgonjwa hutakiwa barua ya hospitali anayoiendea, na viza ya matibabu, na viza za wasindikizaji ambao serikali ya India haiwaruhusu kuzidi wawili, na cheti cha daktari cha kulithibitishia shirika la ndege kwamba abiria huyu anaweza kuruka, lililonikaa ni lile la vidole. Mama alikuwa hana pasipoti. Alipotakiwa kuweka vidole juu ya kioo cha mashine, mashine ikakataa. Akavifuta kwa kanga, ikakataa. Kijana wa ofisini, mwenye subira na adabu, akamletea mafuta akampaka mwenyewe kidole kimoja kimoja huku akimwita bibi, ikasoma kidole gumba cha kushoto na kuvikataa vingine. Vile vistari ambavyo Mola amemchorea kila mja pasiwe na wawili wanaofanana, kwake vilikuwa vimelika. Tangu usichana wake alikuwa akisuka ukili, akichana miyaa, akishona mikeka na misala, na katikati ya hayo akikuna nazi na kufua makumbi. Kijana alipouliza kwa upole kama bibi aliwahi kuungua, mama alimjibu, "Sikuungua, baba. Vimebaki kwenye mikeka ya watu." Baada ya kujaribu tena na tena mashine ilitosheka.

Juu ya ndege nitasema machache. Watu hudhani hatari ya kumsafirisha mgonjwa ni mtikisiko, kumbe ni hewa; kwa maana ndani ya ndege, hata mtu ajione amekaa raha, hewa hufanywa kuwa kama ya mlimani, ya kimo cha mita 1,800 hadi 2,400, ambacho ni juu ya Lushoto, na damu ya mtu hupungukiwa na oksijeni bila mwenyewe kuhisi. Mzima huipuuza. Mtu aliyeishi maisha yake yote usawa wa bahari, akiwa na maji tumboni yanayomsukuma mapafu, huilipa kwa kila pumzi. Nilikuwa nimeambiwa nimkandekande miguu damu isigande, nimnyweshe maji, nimsimamishe kila baada ya muda. Naye, ambaye hakupata kukandwa na mwanawe wa kiume, aliona haya mbele ya abiria, akaniambia nimkande pindi taa zitakapozimwa.

Tulikwenda Chennai, mji ambao wazee wetu waliujua kwa jina la Madras. Kuna jambo la kuujua mji huo. Hospitali ya Apollo, iliyoufanya uwe kituo cha wagonjwa wa kigeni, ilifunguliwa mwaka 1983 na daktari wa moyo, Prathap Reddy, na yeye mwenyewe ameeleza kwamba fikira hiyo ilimjia baada ya kufiwa na mgonjwa kijana ambaye hakupata fedha za kwenda kupasuliwa Marekani. Kwa hiyo mahali ambapo sisi tunapaendea kwa kuwa kwetu hakuna, pamejengwa na mtu aliyechoka kuona watu wa kwao wakifa kwa kushindwa kwenda kwingine. Pembeni mwa Greams Road, ilipo hospitali hiyo, na katika vichochoro vya Thousand Lights, mtaa ulioitwa kwa jina la msikiti wake, nyumba nyingi zimegeuzwa vyumba vya wagonjwa na jamaa zao, vyenye jiko dogo na sufuria mbili, na ngazini utakutana na Wabangladeshi, na Wanaijeria, na Waomani. Hospitali yetu ilikuwa nyingine, ndogo zaidi, lakini chumba tulipanga huko huko. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Mwomani aliyezaliwa Unguja, aliyeletwa na wanawe, naye aliposikia mama akinigombeza kwa Kiswahili alitoka kama alivyo, na kikoi chake, akaketi mlangoni kwetu akaanza kumwuliza habari za Mafia, ambayo hakupata kufika. Wanawe walikuwa na Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili alikuwa nacho peke yake. Walitoleana shikamoo na marahaba kwa muda mrefu, kila mmoja akidai mwenziwe ndiye mkubwa.

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu, nacho ni ukalimani.

Mgonjwa wa ughaibuni huwekwa katika hali ambayo hakupata kuwekwa tangu utotoni: hasemi ila kwa kinywa cha mwingine, hasikii ila kwa sikio la mwingine. Daktari, kijana wa Kitamil mwenye sauti ndogo, alisema nami Kiingereza, macho yake kwangu, ilhali ini lilikuwa la mama. Nami nikamgeukia mama nikampa. Na hapo, baina ya neno lililoingia na neno litokalo, kuna kiwanja kikubwa ambacho hakuna shahidi. Daktari ametaja asilimia. Je, asilimia ni habari ya kumpa mtu aliyekaa juu ya kitanda amevaa gauni lisilofungwa mgongoni? Amesema uvimbe umegusa mshipa mkubwa. Je, mshipa una faida gani kwake? Kila ninachokizuia ninakizuia kwa huruma, na kila ninachokipunguza ninakipunguza kwa adabu, na mwisho wake mimi ndimi ninayekata shauri lake, bila yeye kujua kwamba palikuwa na shauri. Mchukuzi wa amana hulaumiwa akiila. Ni nani amlaumuye anapoipunguza ili isimlemee mwenyewe?

Mama alikaa kimya vikao kadhaa. Kisha siku moja, daktari akiwa hajatoka, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chenji ya sokoni, "Huyu bwana anakupa maneno mengi, wewe unanipa machache. Mengine unayaweka wapi?"

Nikampa yote. Nilimpa kama nilivyoyasikia, na pale nilipokuwa sijui Kiswahili chake nilimchorea juu ya karatasi ya daktari, ini na uvimbe na mshipa. Alisikiliza kichwa kimeinama. Kisha akasema, "Muulize, wakinipasua, nitakwenda msalani mwenyewe?" Daktari akajibu kwa uaminifu kwamba kwa miezi ya mwanzo haelekei, na baada ya hapo itategemea. Akauliza tena, "Na nisipopasuliwa?" Daktari akasema kwa muda ataweza, mpaka karibu na mwisho. Maswali hayo mawili hayakuwamo katika orodha yangu, nami nilikuwa na orodha ndefu, niliyoiandika usiku, yenye majina ya dawa na ya vipimo. Yalikuwa maswali ya mtu anayeijua safari yake ni ya wapi.

Lilikuwapo pia suala la sala, ambalo ningelipitia lau isingekuwa mama ndiye aliyelifanya kuwa kipimo cha mambo yote. Sheria imewaweka mgonjwa na msafiri mahali pamoja, ikawapunguzia wote wawili saumu. Na katika sala imempa mgonjwa ruhusa ya kukaa na hata ya kuashiria kwa macho, na msafiri ikampa ruhusa ya kukusuru, rakaa nne zikawa mbili. Mama alikuwa yote mawili. Lakini msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, kwa madhehebu yetu huwa mkazi, naye hukamilisha. Ila yule aliyezuiwa na haja anayoitazamia kutimia leo au kesho huruhusiwa kukusuru mpaka siku kumi na nane. Na haja yetu ilikuwa hivyo hasa: majibu ya vipimo yaliahidiwa kesho, na kesho yakaahidiwa kesho. Alihesabu mwenyewe, kwa mafundo aliyoyapiga katika pindo la ukili aliokuja nao. Siku iliyofuata ya kumi na nane, adhuhuri, nilimwona akiwa amekaa juu ya kitanda ameelekea kibla, amezidisha rakaa, alipotoa salamu akaniambia, "Leo nimekuwa mkazi wa huku. Sikuja kuwa mkazi."

Nje ya lango la hospitali palikuwa na wauza madafu, na mikokoteni yao, na yale mapanga yao yaliyopinda. Madaktari hawakumkataza, nasi tukawa tunashuka kila alasiri, yeye katika kiti cha magurudumu. Mara ya kwanza aliinua lile tunda akaligonga kwa ukucha, akalitikisa sikioni, akamtazama muuzaji usoni, akasema, "Mwambie hili si dafu, ni koroma." Nikasema hawezi kujua tofauti, huku watu wanakunywa tu. Akasema, "Huku wana minazi kuliko sisi, atakosaje kujua? Anajua. Anadhani mimi ndiye nisiyejua." Sikuwa na neno la Kitamil la koroma wala la kidaka wala la kitale, akamwelekeza mwenyewe kwa mkono, akagonga moja, akagonga jingine, akachagua. Tangu siku hiyo yule bwana alipomwona akija alirudisha nyuma yale ya wageni akamtolea ya pembeni. Nilitambua kwamba hapo langoni, juu ya kiti cha magurudumu, katika nchi asiyoijua lugha yake, ndipo mahali pekee alipokuwa akizungumza bila mkalimani.

Wakubwa nao hupita njia hii, na hali yao haitofautiani na yetu ila kwa vyumba. Barghash yule yule, baada ya kuitawala Unguja, aliugua akasafiri Oman kutafuta afya, akarudi Machi 1888 na kufariki mara baada ya kufika. Mwalimu Nyerere alifia London tarehe 14 Oktoba 1999, akarudishwa kuzikwa Butiama. Mzee Ali Hassan Mwinyi alitibiwa London, akarejeshwa, akafia Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024 na kuzikwa Mangapwani. Na habari ya Raila Odinga, aliyefariki Kerala tarehe 15 Oktoba 2025, ina ajabu yake: India aliikumbatia kwa sababu alikwisha kumpeleka huko binti yake Rosemary aliyepotewa na nuru ya macho, akaona amepata nafuu, kwanza mzazi akawa mwandani wa mtoto, kisha njia ile ile ikamwita mzazi, na binti mwingine, Winnie, ndiye aliyeshuka ndegeni Nairobi ameishika kofia ya babake. Katika hao wote sijui ni nani aliyeulizwa wapi anataka kumalizia, na ni nani aliyeulizwa akasema haya, basi.

Mama hakupasuliwa. Alipewa dawa za kutuliza maumivu na za kumtoa maji, nazo zilimfaa, na hilo peke yake, maadamu tunasema kweli, tungeliweza kulipata Dar es Salaam. Kaka alipoarifiwa kwa simu alighadhibika. Alisema, na hoja yake si ya kupuuzwa, kwamba mgonjwa akisema amechoka, anayesema ni maumivu wala si yeye. Kwamba mtu huenda ughaibuni kwa sababu huko wako wanaojua zaidi, sasa kwa nini tumwachie asiyejua ndiye aamue. Na kwamba mashua haikuuzwa ili mama akaonje madafu. Nilimjibu kwamba aliamua baada ya maumivu kutulia, akiwa amekwisha kuelezwa yote mbele ya daktari. Hatukukubaliana, na mpaka leo hatujakubaliana. Lakini katika ghadhabu yake nilisikia jambo nililolijua, kwa kuwa lilikuwamo kwangu pia: tulikuwa tumepanga kurudi na mama aliyepona, au na maiti ambayo watu wataona tumeipigania, hatukuwa tumepanga kurudi na mwanamke mgonjwa, mwenye akili zake, aliyekataa.

Aliishi Kirongwe kuanzia maji ya kaskazi mpaka kusi ilipokaza. Akawa anakwenda msalani mwenyewe. Na siku moja alituita wote, na sheikh, na majirani wawili wawe mashahidi, akaniamuru nilete daftari na kuandika: tiketi, viza, chumba cha Chennai kwa siku zake, daktari, vipimo, dawa, gari la Nyamisati, kila kitu na bei yake, na mbele ya kila kimoja jina la aliyetoa fedha. Kisha akakiri kwamba hilo ni deni juu yake, na kwamba akifa iuzwe katika minazi yake kiasi cha kulilipa, kabla urithi haujagawanywa. Dada akapiga ukelele. Kaka, aliyekuwa amenuna tangu kurudi kwetu, akasema mwana hamdai mama yake, na kwamba hata hivyo aliye katika maradhi ya mauti hana ruhusa ya kumpa mrithi kitu. Sheikh akasema kumpa ni jambo jingine na kukiri haki ya mtu ni jambo jingine, na kwa madhehebu yetu ikrari ya mgonjwa inashika, hata kwa mrithi. Lakini, akamgeukia mama, wanao wako tayari kukusamehe, na mwenye deni akisamehewa amefarijika.

"Wasinisamehe," mama akasema. "Wakinisamehe, itakuwa wao ndio walionipeleka. Mimi nilikwenda mwenyewe, na nimerudi mwenyewe, na ninalipa."

Akaniambia nisome tena orodha. Nilipofika kwenye madafu alinisimamisha, akataka lile la siku ya kwanza lifutwe, kwa kuwa lilikuwa koroma na mtu halipii koroma bei ya dafu, nikalifuta. Alipofariki tulilipa kama alivyoagiza. Minazi iliyouzwa ni ile ya upande wa barabara ya Kilindoni, na kaka, ambaye kwa fungu lake la deni alinunua mashua nyingine, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia sahihi.